Nafasi Iliyoachwa Wazi

Ukidai haki yako mwenyewe, angalau unajua unachokitaka. Ukidai haki ya marehemu, hujui, na hata hivyo ni rahisi mno kujiaminisha kwamba unajua. Nimeliwaza sana jambo hili tangu nilipojitwika kazi ya kutafuta masahihisho ya cheti cha jeshi cha babu yangu, mzaa mama, aliyepandishwa treni kituo cha Kigoma mwaka 1942 akaenda kuwa askari wa Keya, yaani K.A.R., jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, akavuka bahari mpaka Burma, akarudi Ujiji mwaka 1946 na sanduku la bati na kikohozi ambacho hakikumwacha tena. Mimi sikumkuta. Ninayemjua ni yule wa masimulizi ya mama mkubwa na yule wa karatasi, na watu hawa wawili hawakulingana kama nilivyotarajia.

Karatasi yenyewe ni moja tu, cheti alichopewa alipoachishwa jeshi. Imekunjwa mara nne, na kwa kuwa imekaa hivyo zaidi ya miaka sabini, maneno yaliyoangukia kwenye mikunjo yameliwa. Imepigwa chapa kwa Kiingereza, na penye nukta pamejazwa kwa kalamu ya wino, mwandiko wa mtu mwenye haraka na foleni ndefu mbele yake. Namba ya jeshi inasomeka. Kikosi kinasomeka: 36 K.A.R. Jina lake limeandikwa kwa tahajia ambayo hakuna mtu wa Ujiji angeitamka, na jina la baba yake limeruka nafasi likakaa mbele, utadhani mwana ndiye aliyemzaa baba. Kabila, Mha. Wilaya aliyozaliwa, Kigoma. Halafu karibu na chini ipo sehemu ya nishani na tuzo, na hapo hapana kitu. Hata mstari wa kuonyesha kwamba hakuna haukuchorwa.

Na nishani ipo. Mama mkubwa anaitunza ndani ya kipande cha kanga, kwenye sanduku lile lile la bati, pamoja na hati ya kiwanja na picha za harusi. Ni nyota ya ncha sita, ya madini ya rangi ya shaba iliyofifia, katikati ina taji na herufi za Mfalme George VI, kuzunguka taji pameandikwa jina la Burma. Utepe wake ni wa buluu iliyokolea, una mstari mpana mwekundu katikati na michirizi ya rangi ya chungwa kila upande, ingawa ile ya chungwa sasa unaiona tu ukiusogeza utepe dirishani. Ukiigeuza nyota, nyuma ni laini. Hakuna jina, hakuna namba. Nilipoigeuza kwa mara ya kwanza nilidhani jina limefutika kwa kuguswaguswa, nikapitisha kidole nikitafuta mkwaruzo. Halikuwahi kuwapo.

Nyumbani kwetu ile sehemu tupu ya cheti ilisomwa kama tusi. Wajomba zangu, Mungu awarehemu, walikuwa wakiitoa karatasi mbele ya wageni na kuigusa pale pale: mwone baba, kapigana, na hawakumwandikia kitu. Tena palikuwa na dai la pili, kwamba wenzake wengine waliorudi walikuwa na nishani zaidi ya moja, ile nyota na nyingine ya duara yenye kichwa cha mfalme upande mmoja na simba upande wa pili, na kwamba ya babu ilipotea njiani, au alinyimwa, au ilichukuliwa na mtu. Masimulizi yalibadilika kufuatana na msimuliaji, lakini manung'uniko yalibaki yale yale. Mimi niliyarithi yakiwa mazima. Nilipopata nafasi na uwezo kidogo wa kuandika barua, niliona kazi yangu ni nyepesi kueleweka: kuna makosa, yasahihishwe, kuna nishani haikutolewa, itolewe.

Nilianza kwa kusoma, kwa kuwa sikutaka kuandika barua ya kulia tu. Kikosi cha 36 kilikuwa cha Tanganyika, kimoja kati ya viwili vya Tanganyika vilivyokuwamo katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Kingine kilikuwa cha 26. Divisheni ile ilikwenda kwanza Ceylon kwa mazoezi, kisha mwaka 1944 ikaingizwa Burma, ikateremka Bonde la Kabaw katikati ya masika ya kule, mvua ambayo malori yalizama ndani yake na wanyama wa mizigo wakafa. Mwanzoni mwa Desemba 1944 waliishika Kalewa, kando ya mto Chindwin, na wahandisi wakatandika juu ya mto ule daraja refu la vyuma lililopitisha majeshi yaliyofuata. Mama mkubwa hajui jina la Kabaw wala la Kalewa. Anachojua ni kwamba baba yake hakupenda kukanyaga matope usiku, na kwamba akiwa mzee alikuwa bado anakagua miguu yake kabla ya kulala, kidole kwa kidole, akitafuta ruba, wakati Ujiji ruba wa namna ile hakuna. Nilipokutanisha hilo na nilichokisoma kuhusu bonde lile, nilijikuta nakiamini cheti zaidi, na kumwamini mama mkubwa zaidi, kwa pamoja. Kwa siku chache nilifurahi, nikadhani mambo yote yatakwenda hivyo.

Hayakwenda. La kwanza lililonipunguzia kasi ni ile ile sehemu tupu. Nilikuwa sijawahi kujiuliza nishani zenyewe zilitolewa lini. Kumbe nyota za vita ile na medali ya vita yenye simba zilianza kugawiwa miaka kadhaa baada ya bunduki kunyamaza, askari wakiwa wameshatawanyika majumbani kwao, na wengi wakatakiwa waziombe. Babu aliachishwa 1946. Karani aliyekaa mbele yake na kalamu ya wino hakuwa na nishani ya kuandika, kwa sababu hakuna askari wa cheo chake aliyekuwa nayo mkononi siku ile, mweusi wala mweupe. Huenda, basi, ile nafasi haikuachwa kwa dharau. Huenda iliachwa kwa sababu kalenda ilikuwa haijafika.

Sijui kama nitaweza kueleza jinsi jambo hili lilivyonisumbua. Ningetarajia kufarijika: tusi tulilolibeba miaka yote halikuwa tusi. Badala yake nilihisi kama nimewanyang'anya wajomba zangu kitu. Na nikaanza kuogopa kwamba nikilisema hili kwa sauti, nitaonekana nawatetea wakoloni, ilhali dhuluma halisi ipo na ina ushahidi wake. Mwaka 2019 zilitangazwa nyaraka za jeshi la Uingereza zinazoonyesha kwamba kiinua mgongo cha askari waliotumika Afrika Mashariki kilipangwa kwa rangi, mzungu akilipwa hadi mara tatu ya alicholipwa Mwafrika wa cheo kile kile. Hilo halikuwa kosa la karani aliyechoka. Ni kiwango kilichokaliwa kikao, kikaandikwa na kutiwa saini. Kwa miaka mingi sisi tumekuwa tukinyooshea kidole pale ambapo huenda hapana hatia, na pale penye hatia tulikuwa hatupajui. Bado sijajua nilipe jambo hili uzito gani. Je, hasira iliyokosea anwani nayo ni hasira ya haki?

Halafu likaja suala la nyota isiyo na jina. Askari waliopigana vita ya kwanza upande wa Waingereza walichongewa namba, cheo na jina kwenye ukingo wa nishani zao. Vita ya pili, Australia na Afrika Kusini zilichonga majina ya watu wao. Uingereza haikuchonga, si kwa Mwingereza wa London wala kwa Mha wa Kasulu. Kwa hiyo nyota ya babu, ikitoka ndani ya ile kanga, haiwezi kusema ni ya nani. Ni cheti ndicho kinachopaswa kuisemea, na cheti kimenyamaza, na hata kingesema, kina jina ambalo si lake sawasawa. Vitu viwili tulivyonavyo kila kimoja kinahitaji kingine ili kiaminike.

Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ina ofisi ya nishani, na ndugu wa karibu wa askari aliyefariki anaweza kuomba nishani ambayo marehemu aliistahili na haikutolewa. Inatakiwa namba ya jeshi, majina kamili na uthibitisho wa udugu. Namba ninayo. Majina kamili ndiyo kesi yenyewe. Nilifikiri pengine shajara za vita za kikosi cha 36, zilizohifadhiwa kwenye nyaraka za taifa huko Kew, Uingereza, zingenisaidia, nikasoma maelezo ya waliozipitia: shajara za namna ile huandika maofisa kwa majina na askari kwa hesabu. Leo wamekufa wangapi, wamejeruhiwa wangapi, wanaumwa malaria wangapi. Kama babu yumo humo, yumo ndani ya tarakimu.

Nikasoma na ya mbali, kujipa moyo. Marekani waliweka sheria mwaka 1946, mwaka ule ule babu aliorudi, iliyounda bodi za kusahihisha kumbukumbu za wanajeshi, na mpaka leo mkongwe au mjane wake anaweza kupeleka ombi. Kule mwaka 1973 moto uliteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18 ya wanajeshi huko St. Louis, na familia zikaanza kuunga upya maisha ya baba zao kwa hati za mishahara na orodha za asubuhi za vikosi. Januari 1997 askari saba weusi wa vita ya pili walitunukiwa nishani ya juu kabisa ya nchi ile baada ya uchunguzi kukubali kwamba walinyimwa kwa sababu ya rangi. Mmoja tu kati yao, Vernon Baker, alikuwa hai kuipokea. Na hapa jirani, ng'ambo ya ziwa na mbali zaidi, Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvisha nishani Koplo Albert Kunyuku mjini Kinshasa, mzee wa miaka 100, aliyekuwa askari wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, katika vita ile ile. Niliitazama picha yake ameketi, na mfalme ameinama. Niliona wivu, nakiri, na wivu wenyewe ulinifundisha kitu: nilichokuwa nakitaka hakikuwa karatasi. Nilitaka mtu ainame.

Nikiwa katika hali hiyo ndipo nilipokwenda kwa mama mkubwa kumsomea rasimu ya barua. Ilikuwa ndefu. Nilikuwa nimeorodhesha kila kosa kwa mpangilio, na lile la kabila nililipa aya nzima, kwa kuwa ndilo lililonikera kuliko yote. Babu hakuwa Mha. Baba yake alivuka ziwa na wafanyabiashara kutoka Umanyema, akakaa Ujiji, akaoa Ujiji. Sisi ni Wamanyema wa Ujiji na mji mzima unajua. Niliandika kwamba karani alimfanya Mha kwa uvivu, kwa sababu treni ya Kigoma ilibeba Waha wengi na ilikuwa rahisi kuendelea kuandika neno moja.

Mama mkubwa alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo, anatoa changarawe. Hakuacha kuchambua. "Nani kakwambia ni karani?" akaniuliza. Nikamwambia ni nani mwingine, Mama, si wao ndio walioandika? Akasema, "Walioandika ni wao. Aliyesema je?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia polepole, kama mtu anayetoa kitu alichokiweka mbali, kwamba baba yake aliwahi kumsimulia habari ya foleni ile, kwamba aliyekuwa mbele yake aliulizwa kwenu wapi, akajibu kwa urefu, mara Kasongo, mara ng'ambo, mara Ujiji, na akawekwa pembeni asubuhi nzima akisubiri mkalimani. "Baba alipofika yeye akasema Mha, Kigoma. Basi. Akapita." Hakuwa na hakika kama baba yake alisema hivyo kwa ujanja au kwa kuchoka, au kwa sababu bibi yake upande wa mama kweli alikuwa Mha wa Heru, jambo ambalo mimi nilikuwa silijui kabisa mpaka siku ile.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa mazito, na naomba msomaji wa mbali na Kigoma anivumilie, maana huku swali la kabila na mahali pa kuzaliwa halikai peke yake. Mji wetu uko ukingoni mwa nchi. Ukisimama Kibirizi siku isiyo na ukungu unaiona milima ya Kongo. Burundi iko kaskazini hapo, safari ya mtumbwi wa injini. Mtu wa kwetu anapokwenda kutafuta hati, iwe cheti cha kuzaliwa, kitambulisho au pasi, huulizwa babu yake alizaliwa wapi kwa namna ambayo mtu wa Dodoma haulizwi. Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, aliyezaliwa humu na ambaye mzazi wake mmoja naye kazaliwa humu alikuwa raia bila kuomba. Hiyo maana yake ni kwamba karatasi yoyote ya kabla ya hapo, inayosema mzee fulani alizaliwa Kigoma, ni mali. Cheti cha babu, chenye tahajia mbaya na kabila lisilo letu, kiliwahi kutolewa nakala na mjomba wangu mmoja miaka ya nyuma, kikapelekwa mahali, na kikamaliza mjadala.

Tena kuna jambo la mwaka. Cheti kinasema babu alizaliwa karibu na 1920. Mama mkubwa siku zote husema alizaliwa "wakati wa Wabelgiji," na mimi katika rasimu yangu nililiandika hilo hivyo hivyo, kwa fahari, kama ushahidi wa kumbukumbu za nyumbani. Ni kweli tupu: jeshi la Wabelgiji liliingia Kigoma mwishoni mwa Julai 1916, Wajerumani walipoondoka wakiwa wameizamisha wenyewe meli yao kubwa, ile ambayo sasa tunaiita Liemba, siku chache baadaye wakaishika Ujiji, wakatawala hapa mpaka Machi 1921 walipowakabidhi Waingereza. Mtoto aliyezaliwa Ujiji katika miaka ile alizaliwa chini ya Mbelgiji pasipo mama yake kuvuka hata kijito. Lakini mpe afisa kijana barua inayosema marehemu alikuwa Mmanyema, baba yake katoka ng'ambo, na yeye kazaliwa wakati wa Wabelgiji. Atasoma nini? Atasoma Kongo. Kwa mkono wangu mwenyewe, kwa nia njema, katika juhudi ya kumrudishia babu ukweli wake, nilikuwa nakaribia kuwaandikia wajukuu zake maswali ya miaka mingi.

Rasimu ile niliiweka. Kwa muda mrefu sikuandika nyingine. Nilikuwa nikiamini kwamba kosa ni kosa na kweli ni kweli, na kazi ya mwenye akili ni kuvuta la kwanza mpaka lifike la pili. Sasa nilikuwa mbele ya kosa ambalo huenda lilichaguliwa na mwenye jina, kwa sababu zake, akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu kwenye foleni ya watu wenye bunduki. Nikilisahihisha, namheshimu au namkanusha? Nikiliacha, nalinda uamuzi wake au nalinda tu vitambulisho vyetu? Nimejaribu kujibu kwa uaminifu na kila jibu linaona aibu mbele ya jingine.

Hapa Ujiji, kwenye kumbukumbu ya Livingstone, ipo tarehe iliyochongwa ya kukutana kwake na Stanley: 10 Novemba 1871. Wanahistoria wanajua kwamba tarehe hiyo ina mashaka. Watu wale wawili, wote wenye madaftari na kalamu, hawakukubaliana siku waliyokutana. Livingstone aliumwa akapoteza hesabu ya siku, na ya Stanley nayo haikukaa sawa. Watoto wa shule huinakili ile tarehe kwenye daftari na hakuna baya linalompata mtu. Mkubwa akikosea siku, kosa lake huwa sehemu ya historia, linaandikiwa vitabu. Askari akikosewa jina, kosa linakuwa lake, alibebe yeye na uzao wake kwa viapo na mihuri ya wakili, kwamba mimi fulani bin fulani na yule aliyeandikwa fulani ni mtu mmoja na yule yule.

Na bado babu yangu ni miongoni mwa waliobahatika. Wazo hili lilinijia kwa kuchelewa, na nikiri lilinijia nikiwa natafuta kitu kingine. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti juu ya wafu wake yenyewe wa vita ya kwanza. Ilikubali kwamba wanajeshi na wapagazi kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao wa Afrika na Asia, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sehemu kubwa ya hao ni wapagazi wa nchi hizi zetu, waliobeba chakula na risasi kichwani wakafa kwa kuhara na njaa, na wakubwa wa wakati ule waliona makaburi yao yaachwe yamezwe na pori. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, imewekwa kwa ajili yao na askari wenzao. Nimeizunguka. Ina maneno kwa lugha kadhaa na haina jina hata moja.

Wabelgiji nao walipita hapa kwetu mwaka 1916 kuelekea Tabora, na jeshi lao halikujibebea mizigo. Kwenye koo za Ujiji na vijiji vya Buha ukiuliza, utaambiwa kuna mtu alichukuliwa akiwa anatoka shamba, akabebeshwa, hakuonekana tena. Huyo hana cheti chenye tahajia mbaya. Hana nafasi iliyoachwa wazi. Wajukuu zake hawana pa kuweka kidole na kusema, hapa ndipo mlipokosea. Mimi nilikuwa nimekaa na karatasi yenye namba, kikosi, tarehe na jina linalokaribia jina, nikijiona nimedhulumiwa. Na nilikuwa nimedhulumiwa kweli, sifuti neno. Lakini kosa la kuandikwa vibaya linampata yule aliyeandikwa.

Barua niliyoipeleka hatimaye haijai ukurasa mmoja. Ndani yake nimetaja namba ya jeshi na kikosi. Nimesema jina la askari huyu limeandikwa hivi kwenye cheti na hutamkwa hivi nyumbani, na kwamba ni mtu mmoja, na nimeambatanisha kiapo cha mama mkubwa, bintiye aliye hai, kilichogongwa muhuri hapa Kigoma. Nimeomba ithibitishwe kama nyota ya Burma imo katika kumbukumbu, na kama alistahili medali ya vita itolewe. Sikusema alinyimwa. Sikusema iliibiwa. Kuhusu kabila sikugusa, na mahali pa kuzaliwa nimeandika Ujiji, Wilaya ya Kigoma, ambako ndiko. Mama mkubwa alinitaka niisome barua yote kwa sauti, akauliza kama nimemtaja yule bibi wa Heru, nikasema hapana, akasema sawa, hayo ni yetu.

Nimebaki na mashaka kama nilichokiacha nje nimekiacha kwa busara au kwa woga. Kuna siku naona hivi, kuna siku vile. Kijana wa mjomba, aliyesoma sheria, anasema ukweli nusu ni hatari kuliko uongo kamili. Huenda ana haki, na huenda akizeeka Kigoma atalilainisha neno hilo. Jibu la barua likija, au lisipokuja, swali lile la foleni halitajibiwa na ofisi yoyote.

Kazi nyingine imeanzia hapo hapo, na hii siifanyi kwa kudai. Mama mkubwa ananitajia watu ambao baba yake aliwataja: waliopanda naye treni, waliokufa Burma, waliorudi wakahamia Mpanda, mmoja aliyerudi hasikii. Naandika kwenye daftari la kawaida, na kando ya kila neno naandika nani kasema na yeye alisikia kwa nani, na panapokuwa na majina mawili ya mtu mmoja nayaandika yote mawili bila kuchagua. Wa kwanza kutajwa alikuwa kijana wa Gungu, fundi wa nyavu, aliyekufa kule kabla ya kufika mtoni. Wafu wa Burma wasio na kaburi linalojulikana wameandikwa kwenye nguzo za makaburi ya Taukkyan, karibu majina 27,000, na orodha yake inapatikana, lakini mama mkubwa anakumbuka jina moja tu la kijana yule, na kwa jina moja la Kiislamu, bila la baba, mtu huyo anaweza kuwa yeyote kati ya wengi. Jumamosi nakwenda Gungu, kuanzia msikitini, kuulizia kama kuna ukoo unaomkumbuka fundi wa nyavu aliyekwenda Keya, na baba yake aliitwa nani.